Kipimo Ajipimiacho Mtu

Mhadhara uliosomwa mbele ya watu wa Isiolo



Nimetakiwa niseme juu ya mtu kuishi kwa kanuni alizojiwekea mwenyewe katika shughuli za kila siku, na wito huo nimeuitikia kwa furaha iliyochanganyika na hofu: furaha, kwa kuwa jambo lenyewe ni la watu wote, wenye elimu na wasio na elimu, wenye mali na wasio na mali, na hofu, kwa kuwa kila anenaye habari za adili mbele ya hadhara hujitia mwenyewe katika mizani ya wasikilizaji wake tangu pale afunguapo kinywa. Kunipima ni haki yenu, wala siwaombi muiache.

Rai yangu nitaitanguliza, ili asiyekubaliana nami apate wasaa wa kutayarisha hoja zake wakati nikiendelea kusema. Naamini kwamba kazi ya kanuni ya nafsi huanzia mahali pale ambapo sheria, ada na vyombo vya kupimia hukoma. Kwamba kanuni ambayo haijapata kumgharimu mwenyewe kitu chochote ingali tumaini tu. Na kwamba katika mji kama huu wetu, uliokusanya kaumu nyingi zenye dasturi mbalimbali, kanuni hizo ndogo za watu mmoja mmoja ndizo zinazoituliza siku ya soko kabla askari hajaitwa na kabla hakimu hajaketi.

Tuutazame kwanza mji wenyewe. Isiolo uko kiasi cha kilomita 285 kaskazini ya Nairobi, pale ambapo mteremko wa Mlima Kenya na vilima vya Nyambene unakwisha na nyika inaanza. Wasomali waliotumika katika jeshi la Waingereza wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza walipewa makao hapa. Waborana wa mto Ewaso Nyiro, ambao wao huuita Waso, wamelisha na kunywesha mifugo yao katika nchi hii kwa vizazi. Wasamburu na Waturkana wana malisho na maboma yao. Wameru wameteremka na mazao yao kutoka mashambani. Na serikali ya kikoloni, ilipoyaweka hapa makao makuu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ikaleta makarani, askari na wachuuzi kutoka kila upande. Kwa miaka mingi lami iliishia hapa, na kizuizi cha polisi kilisimama katika njia ya kaskazini, hata msafiri wa Marsabit au Moyale alipokuwa akishuka kwenda Nairobi alisema kwamba anakwenda Kenya. Sasa lami imefika Moyale, na usemi huo unaanza kusahauliwa, lakini tabia ya mji haikubadilika: hesabu ya mwaka 2019 iliwakuta watu 268,002 katika kaunti nzima, na sidhani kama lipo kabila moja miongoni mwao liwezalo kumaliza asubuhi ya soko bila ya kuhitaji mkono wa kabila jingine.

Katika kijiji cha ukoo mmoja, mtu hutazamwa na baba, mjomba, shangazi na mzee wa jirani, na macho hayo mengi humfanyia kazi ambayo pengine dhamiri yake ingeifanya kwa uvivu. Akikosea, habari humtangulia nyumbani. Lakini pale sokoni kwetu muuzaji aweza kuwa Msamburu, mnunuzi Mmeru, dalali Mborana, mwenye lori Msomali na mpakizi Mturkana. Wamekutana saa moja na huenda wasikutane tena, na hakuna mzee mmoja ambaye fedheha mbele yake ingewauma wote sawasawa. Katika saa hiyo ndipo inapobainika mtu alichochukua kutoka nyumbani kwao kikawa chake, na alichokiacha huko pamoja na macho yaliyomlinda.

Wala msinidhanie kwamba naidharau ada. Nimekuja kuishuhudia, na ushahidi wangu wa kwanza nautoa kisimani. Waborana wana mtu wamwitaye aba herega, ambaye kazi yake ni kusimamia zamu za maji. Yeye hujua ni mifugo ya nani itakayokunywa leo na ya nani itakayokunywa kesho, maana wakati wa kiangazi ng'ombe huweza kuletwa majini siku ya tatu, na ngamia huvumilia zaidi ya hapo. Huamuru kisima kisafishwe na ua wake utengenezwe. Husuluhisha ugomvi wa wachungaji waliofika pamoja na vumbi la makundi mawili. Na mwenye kuvunja utaratibu hutozwa. Mwenye kuchimba kisima, au mzao wake, ana haki ya kutangulia, lakini hana haki ya kumwacha mgeni mwenye kiu aondoke bila maji. Tafakarini sasa jinsi kazi hii ilivyo ngumu. Mwenye kupanga zamu naye ana ng'ombe, nao wana kiu kama wa wenzake, na jua ni moja. Maadamu ng'ombe wake wanangoja, neno lake ni amri. Siku watakayoruka zamu, hata kama ni usiku na hakuna aliyewaona illa mtoto mmoja mchungaji, uwezo wake wa kuwapangia wengine umekwisha, ijapokuwa jina la kazi litabaki naye. Sharti la kwanza la kanuni ya nafsi ni hilo: ianze kwa mwenye kuitunga, na imbane yeye kabla ya kumbana mwingine.

Ushahidi wangu wa pili nautoa kwa akina mama wa maziwa ya ngamia, ambao wameujulisha mji huu mbali kuliko wasemaji wetu wote. Maziwa hukamwa katika nyika za Kulamawe, Burat na kwingineko, huletwa mjini kwa magari na pikipiki, hukusanywa na vikundi kama ule ushirika wa akina mama wa Anolei, kisha husafiri kwa basi hata Eastleigh jijini Nairobi, ambako mnunuzi huyangoja akiwa hamjui mkamaji wala hajaliona zizi. Yanapopokewa hapa hunuswa, huonjwa, na kipimo cha kioo hutumbukizwa ndani yake, na kipimo hicho kikazama kuliko ilivyo desturi, hujulikana kwamba maji yametiwa. Hicho ni chombo cha insafu, nami nakisifu. Lakini chombo hicho hakisemi kama mikono iliyokamua ilinawa. Hakisemi kama kibuyu kilifukizwa leo kwa moshi wa mti wa desturi au kilifukizwa juzi. Wala hakisemi kama maziwa ya jana jioni yaliyokaribia kugeuka yamechanganywa na ya alfajiri kwa matumaini kwamba yatafika salama. Mambo hayo anayajua mama mmoja peke yake, huko zizini, kabla hakujapambazuka. Na kwa kuwa maziwa ya wengi humiminwa katika chombo kimoja, uvivu wake wa robo saa huweza kuwaharibia wenziwe mapato ya siku nzima, wala hapatakuwa na mtu awezaye kumnyoshea kidole.

Hapo, mabibi na mabwana, ndipo nilipopata neno langu la kwamba kanuni ya nafsi huanzia pale vipimo vinapokoma. Kutokutia maji ni hofu ya kipimo, na hofu hiyo ina faida yake. Ama kufukiza kibuyu kila siku, hata siku ya homa na siku ya haraka, hilo ni jambo la mtu na nafsi yake. Kadhalika katika soko la mifugo: fikihi ya Kiislamu humwajibisha muuzaji kuidhihirisha aibu ya bidhaa anayoijua, na humpa mnunuzi hiyari ya kuirudisha bidhaa akiigundua aibu iliyofichwa, lakini yule mbuzi aliyekohoa usiku asikohoe mchana, na yule ng'ombe aliyeharibu mimba mara mbili, habari zao hazimo katika fikihi wala katika cheti cha daktari wa mifugo. Zimo kifuani mwa mwenye mali, na huko hazitolewi illa na mwenyewe.

Mtu ataniuliza, kanuni hizo hushikwaje? Kutamani kuwa mwema ni jambo sahili, na kila mwaka mpya na kila mwezi wa Ramadhani hututamanisha. Kudumu ndiko kunakotushinda. Nawaleteeni watu wawili waliolitafutia jambo hili njia, mmoja wa mashariki na mmoja wa magharibi. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika kwamba mtu na ashughulike na nafsi yake kama mfanyabiashara anavyoshughulika na mshirika aliyempa mtaji: asubuhi amshurutishe, mchana amwangalie, jioni amfanyie hesabu, na akiona hasara amtoze. Naye Benjamin Franklin wa Marekani, katika karne ya 18, alijiandikia fadhila 13, akapiga mistari katika kijitabu, akawa kila siku anatia alama nyeusi penye fadhila aliyoivunja, huku akiipa kila moja wiki yake ya kuangaliwa zaidi. Watu hawa hawakujuana kwa zama wala kwa dini, lakini wote wawili walijua kwamba nafsi isiyoandikiwa hesabu hujisamehe kabla haijaulizwa. Na katika habari za Franklin liko jambo moja ambalo naliona bora kuliko kijitabu chake chote. Fadhila alizozitunga kwanza zilikuwa 12. Ile ya 13, nayo ni unyenyekevu, aliiongeza kwa sababu rafiki yake mmoja alimwambia waziwazi kwamba watu wanamwona mwenye kiburi. Mtu yule mwenye akili nyingi, aliyekaa na kalamu akijichunguza, hakuiona aibu iliyokuwa dhahiri kwa wote waliozungumza naye. Nitalirudia jambo hili mwishoni, maana ndilo linaloniongoza katika shauri ninalotaka kuwapa.

Sasa naomba ruhusa kutaja majina mawili yenye taadhima katika mji huu. Tarehe 28 Juni 1963, mwezi mmoja usiotimia tangu Madaraka, Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kushika kazi ya mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliuawa kwa risasi huko Mado Gashe pamoja na Chifu Haji Galma Dido, wakiwa katika safari ya kazi, katika siku ambazo watu wa kaskazini walikuwa wamegawanyika vikali juu ya kubaki Kenya au kujiunga na Somalia. Baada ya hapo yalifuata mashaka ya miaka, ambayo nyumba nyingi humu zina makovu yake, na ambayo hayakutulia mpaka mapatano ya Kenya na Somalia ya mwaka 1967. Jina la Wabera liko katika wadi yetu, katika shule yetu, na katika mtaa mmoja wa katikati ya Nairobi. Ni haki kuwakumbuka watu kwa mauti ya namna hiyo. Lakini nahofu kwamba ukumbusho huo huwafunza vijana wetu nusu ya somo, wakadhani kwamba uthabiti wa mtu ni jambo linalongoja siku ya bunduki. Mtumishi wa umma hufa mara moja, bali hukalia kiti chake siku elfu. Na katika siku hizo elfu liko faili la mjane linalohitaji sahihi, iko orodha ya msaada wa chakula yenye majina ya jamaa zake na majina ya maadui wa jamaa zake, yako mafuta ya gari la serikali na safari yake ya nyumbani. Kijana anayetaka kulistahi jina lililoandikwa juu ya lango la shule yake hana haja ya kuombea vita. Na aanze kwa kurudisha kitabu cha maktaba.

Zama zetu zimeleta mitihani yake, nayo ni midogo hata twaweza kuipita bila kuhisi kwamba tumepimwa. Tangu mwaka 2007, M-Pesa ilipoanza, fedha zimekuwa zikiruka kutoka mkono hadi mkono bila ya watu kuonana, na mara nyingine hukosa njia kwa tarakimu moja tu zikamwangukia mtu asiyezitarajia. Mwenye kanuni huzuia mkono wake, huhakikisha kwa njia iliyo rasmi kwamba si hadaa, kisha humrudishia mwenyewe. Asiye na kanuni huzitoa upesi kabla simu haijalia, halafu huizima simu. Baina ya watu hawa wawili hakuna tofauti ya elimu wala ya mali, na huenda wote wawili waliketi safu moja msikitini au kanisani.

Mtihani wa pili ni mkubwa zaidi, nao ni uvumi. Mji huu unajua wizi wa mifugo na kisasi chake. Ng'ombe wanapochukuliwa usiku, ifikapo asubuhi habari imekwisha kupita katika simu mia, na katika kila simu idadi imeongezeka, na jina la kabila la waliochukua limetajwa na watu ambao usiku kucha walikuwa wamelala. Mzee wa zamani aliyetaka kuchochea ugomvi ilimbidi atembee na jua hata boma la pili, na njiani hasira ilipoa. Leo kidole kimoja kinatosha. Nimejiwekea sharti, nami nawashauri mjiwekee, kwamba habari mbaya ya kabila jingine nisiyoiona kwa macho yangu, na ambayo sikuambiwa na mtu aliyeiona, isipite kwangu kwenda kwa mwingine. Nina hakika kwamba sharti hilo limenipunguzia umashuhuri barazani, maana mwenye habari mpya ndiye anayevutiwa kiti. Ndiyo gharama yake, nami naiona ndogo ikipimwa na gharama ya mazishi.

Nimesema kwamba asiyekubaliana nami atayarishe hoja, na mbili nazijua, kwa hiyo nizijibu. Ya kwanza husema kwamba kanuni za nafsi ni anasa ya walioshiba. Katika ukame wa tangu mwaka 2020 hadi 2023 misimu mitano ya mvua ilifuatana bila kuleta mvua ya kutosha. Watu waliolala na ng'ombe wakaamka na ngozi. Je, mtu huyo aambiwe habari za kuidhihirisha aibu ya mbuzi wake wa mwisho? Hoja hii ni nzito, na anayeijibu kwa wepesi hajapata kukosa. Mimi najibu kwamba ada ya Waborana iliiona dhiki hiyo kabla yetu, ikaweka busa gonofa, yaani utaratibu ambao kwao ukoo humpa tena mifugo yule aliyefilisika, si kwa huruma tu bali kwa dhima. Maana yake ni kwamba mwenye kushiba akidai uaminifu kwa mwenye njaa, na amlipe kwanza deni lake la ukoo na la ujirani. Duni aliyeacha kuiba amefanya zaidi ya tajiri ambaye hakupata kushawishika, na tajiri anayehubiri murua huku zizi lake limefungwa ni sawa na aba herega yule aliyeruka zamu.

Hoja ya pili husema kwamba mwenye kanuni aghalabu huwa na takaburi, hujiona yeye ndiye kipimo cha watu, na nyumba yake haikaliki. Hilo ni kweli mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri. Wako watu ambao kanuni zao zote ni fimbo za kuwapigia wengine: wanajua saa ambayo jirani aliingia nyumbani, wala hawajui deni lao dukani. Dawa yake naiona katika mambo mawili. Kwanza, kanuni iwe ya tendo lako mwenyewe, iliyo wazi hata uweze kujua jioni kama umeishika au umeivunja. Anayesema atakuwa mwema hana cha kuhesabu, bali anayesema atalipa vibarua wake kabla jua halijachwa ana hesabu kila siku. Pili, iwe ni kanuni ambayo unaweza kuieleza mbele ya jirani asiye wa kabila lako wala wa dini yako bila kuona haya. Ziko kanuni nyingi ambazo husifiwa ndani ya ukoo, kama kumficha ndugu mwizi au kumpa kazi jamaa asiyeijua, ambazo haziwezi kusemwa kwa sauti mbele ya mtu wa upande wa pili. Kanuni isiyostahimili sikio la jirani ni njama iliyovishwa kanzu.

Hapo ndipo narudi kwa yule rafiki aliyemwambia Franklin habari za kiburi chake. Kujihesabu faraghani ni wajibu, lakini jicho la mtu haliuoni mgongo wake. Na katika mji huu Mungu ametupa neema ambayo miji ya kabila moja haina, ya kuwa na majirani wanaotuona kutoka pande ambazo jamaa zetu hawatuoni. Shauri langu basi ni hili. Kila mmoja wetu na achague kanuni moja, moja tu, ndogo, ya jambo alifanyalo kila siku: muuza maziwa achague ya vibuyu vyake, dalali ya kusema aibu ya mnyama, mwalimu ya kufika darasani kabla ya kengele, mwendesha bodaboda ya nauli isiyopanda kwa kuwa abiria ni mgeni, karani ya kutopokea kitu kwa sahihi ambayo analipwa mshahara kuitia. Kisha amwendee mtu mmoja wa kabila jingine, ambaye hufanya naye biashara au hupakana naye, amwambie kanuni hiyo kwa maneno yaliyo wazi, na ampe idhini ya kumwuliza.

Najua kwamba wengi wataona haya kulianza jambo hili, na kwamba wengine watalikejeli. Lakini litakapozoeleka, Msamburu atakapoweza kumwuliza Mmeru, na Mturkana kumwuliza Mborana, na Msomali kuulizwa na wote hao, bila ya swali kuwa tusi, tutakuwa tumepata wasimamizi wengi kuliko askari ambao kaunti inaweza kuwaajiri, nao hawadai mshahara. Mimi kanuni yangu ya uvumi nimekwisha kuitaja mbele yenu, na kuanzia leo yeyote kati yenu ana idhini ya kuniuliza.